Margaret Ogola: Tabibu aliyekataa kwamba yaliyopita si ndwele

YALIYOPITA si ndwele, tugange yajayo. Methali hii hupendwa sana na wasuluhishi. Wanandoa wakikosana, majirani wakigombania mpaka wa shamba, mzee mmoja atajikohoza kisha aitamke, na aghalabu kikao kitaishia hapo kwa amani. Ni methali yenye busara yake. Lakini hebu ipeleke katika chumba cha daktari uone kama itakubaliwa. Daktari hagangi lolote kabla ya kuuliza yaliyopita. Maumivu yalianza lini? Yalianzia wapi? Umewahi kulazwa? Nyumbani kuna mwingine anayekohoa? Mama yako alikuwa na kisukari? Madaktari wetu huiita kazi hiyo kuchukua historia ya mgonjwa, na mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba historia ikichukuliwa vizuri, nusu ya tiba imeshapatikana.

Kwa tabibu basi, yaliyopita ni sehemu ya ndwele yenyewe. Leo ningependa tumtazame Mkenya aliyelishika somo hilo, akalitoa wodini, akalipeleka kwenye riwaya. Aliichukua historia ya ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, hadi akafika kwenye ugonjwa ambao jamii yake ilikuwa haijathubutu kuutaja kwa jina.

Huyo ni Margaret Atieno Ogola. Alizaliwa Asembo, katika eneo la Nyanza, Juni 12, 1958, akafariki Septemba 21, 2011 akiwa na umri wa miaka 53. Wengi waliopitia shule zetu za upili wanamjua kwa kitabu kimoja tu, The River and the Source, kilichokuwa kitabu teule cha fasihi ya Kiingereza kwa miaka mingi. Walikariri wahusika, dhamira na mbinu za uandishi, wakajibu maswali ya mtihani, wakaendelea na maisha yao. Ni wachache walioambiwa darasani kwamba mwandishi alikuwa daktari wa watoto. Wachache zaidi waliambiwa kwamba kitabu hicho hakieleweki barabara bila kuijua kazi aliyokuwa akiifanya mchana.

Ogola alisomea shule ya Alliance Girls kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, alikohitimu shahada ya udaktari na upasuaji mwaka wa 1984. Mwaka wa 1990 akapata shahada ya uzamili katika utabibu wa watoto. Tuishike miaka hiyo miwili, maana ina jambo la kutuambia. Mwaka wa 1984 ndio ambao mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini Kenya. Yaani daktari huyu alitoka chuoni mwaka uleule ambao ugonjwa huo uliingia katika rekodi za hospitali zetu. Bila mtu kupanga, taaluma yake na janga hilo vilianza safari pamoja.

Kufikia 1990 alipokuwa amebobea katika magonjwa ya watoto, safari hiyo ilikuwa imefika pabaya. Mama mwenye virusi humwambukiza mtoto akiwa tumboni, wakati wa kujifungua, au kupitia kunyonyesha. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuzuia hayo. Ni mwaka wa 1994 ambapo matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani na Ufaransa yalionyesha kwamba dawa ya AZT, akipewa mama mjamzito na kisha mtoto mchanga, hupunguza maambukizi kwa takriban thuluthi mbili. Hata baada ya hapo, ilichukua miaka kadhaa kabla ya dawa kama hiyo kumfikia mama wa kawaida wa Siaya au wa Kibra. Daktari wa watoto wa enzi hiyo alijua kinachomuua mtoto, alijua kilikotoka, na mkononi hakuwa na kitu.

Mwaka huohuo wa 1994 ndio riwaya ya The River and the Source ilichapishwa na Focus, shirika la uchapishaji la Nairobi. Mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na pia Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu bora cha kwanza, kanda ya Afrika.

LUGHA YA KUFICHA

Ili tuone uzito wa riwaya hiyo, sharti kwanza tukumbuke jinsi ugonjwa huu ulivyosemwa, au tuseme ulivyokwepwa, katika lugha zetu. Kiswahili kilikuwa kimepata jina zuri mno: Ukimwi, kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Nasema zuri kwa sababu kinga ni neno la siku zote. Tunakinga mvua, tunakinga maji ya paa kwa pipa, tunasema kinga ni bora kuliko tiba. Asiye daktari akilisikia jina hilo anaelewa mara moja kwamba mwili umevuliwa ngao yake. Kifupisho cha Kiingereza hakimpi Mwingereza wa kawaida mwanga wa namna hiyo.

Lakini jina likiwa wazi mno hutisha. Watu wakalikwepa. Mitaani mgonjwa akawa "amekanyaga waya", kana kwamba stima ndiyo iliyomwangusha. Wengine wakasema "yule mdudu", na wengine "ugonjwa wa siku hizi". Katika Dholuo kukazuka neno ayaki. Isitoshe, wako waliousukuma ugonjwa wote kwenye chira, ile adhabu inayoaminika kumpata mtu aliyevunja mwiko wa jamii, dalili yake kubwa ikiwa kukonda na kudhoofika hadi kufa. Ukimwi nao hukondesha na kudhoofisha. Ukitazama kwa macho tu, bila kipimo cha damu, utamlaumu nani kwa kuchanganya hivyo viwili?

Magazeti nayo yalikuwa na fomula yake. Katika kurasa za matangazo ya vifo, kijana wa miaka 30 alikuwa amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi", au "kwa muda mrefu", basi. Jamaa walioandika tangazo walijua. Waliolisoma walijua. Karani aliyelipokea alijua. Hakuna aliyesema. Serikali yenyewe ilikawia: ni Novemba 1999 ambapo Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, miaka 15 baada ya yule mgonjwa wa kwanza. Waswahili walikuwa wameshaonya kitambo: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndani ya kimya hicho, miaka 5 kabla ya tangazo la Rais, daktari mmoja alikuwa amemwandika mhusika aliyekufa kwa Ukimwi. Hakumweka mbali, katika danguro au katika nchi ya kigeni. Alimfanya binti wa familia ya heshima, familia ya mwalimu, yenye daktari na kasisi ndani yake. Yaani familia ambayo msomaji angependa iwe yake.

UKOO KAMA FAILI LA MGONJWA

Tumwangalie basi Ogola anavyofika huko. Haanzi na ugonjwa. Anaanza na kuzaliwa kwa msichana, miaka ipatayo 30 kabla ya reli kujengwa kutoka pwani kuelekea ziwani. Msichana huyo ni Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, na jina lake linatokana na neno la Dholuo lenye maana ya kelele, kwa kuwa alilia kwa nguvu tangu siku ya kwanza. Anaolewa na Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, ambaye anakataa katakata kuoa mke wa pili licha ya mama yake kumshinikiza. Ogola alieleza kwamba chimbuko la hadithi hii ni masimulizi aliyoyapata kwa mama yake kuhusu akina mama waliowatangulia.

Sasa hesabu vifo. Obura, mwana wa kwanza wa Akoko, anatoroka kwenda vitani na kuuawa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mume anafariki. Mwana wa pili, Owang' Sino, anakabwa na mwiba wa samaki akiwa amelewa. Shemeji anajitwalia uchifu, na Akoko anafunga safari ya miguu hadi Kisumu kuwashtakia Wazungu, wenye kile ambacho Waluo walikiita sirikal. Neno hilo ni serikali yetu hiihii ya Kiswahili, limevaa vazi la ziwani. Bintiye Nyabera naye anazaa watoto na kuwazika, mmoja baada ya mwingine, hadi anabakiwa na mtoto wa kike mmoja anayeitwa Awiti.

Hapo kwenye jina la Awiti ningeomba tutue. Katika Dholuo, Awiti kwa msichana na Owiti kwa mvulana ni majina yanayohusu kutupwa. Hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa. Desturi ilikuwa mtoto huyo alazwe nje kana kwamba ametupwa, kisha mtu mwingine amwokote, ili mauti yadhani hana mwenyewe yampite. Waswahili pia wana majina ya Mashaka, Shida na Tabu, yanayobeba hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa. Mtaalamu wa isimu atakuambia kwamba hayo ni majina ya matukio. Daktari wa watoto huliona jambo jingine. Kwake, jina Awiti ni takwimu ya vifo vya watoto iliyohifadhiwa na lugha kabla ya serikali yoyote kuanza kuandikisha vizazi na vifo. Mtu anapokutajia jina hilo, amekupa historia ya mgonjwa bila kuulizwa.

Sidhani ni kwa bahati kwamba daktari wa watoto ndiye aliyelichagua jina hilo kwa mhusika anayeziunganisha nusu mbili za riwaya yake. Awiti ndiye anayeokoka. Mama yake na nyanya yake wanaingia Ukristo, naye anabatizwa Elizabeth, anasoma, anakuwa mwalimu na kuolewa na Mark Sigu. Miongoni mwa watoto wao ni Aoro, anayekuwa daktari na kumwoa daktari mwenzake, Wandia, Mkikuyu aliyekuwa akimshinda masomoni. Tena yupo Becky, mrembo wa nyumba, anayeajiriwa kuwahudumia abiria wa ndege, anaolewa na Mzungu, na mwishowe anaugua Ukimwi na kufa.

Riwaya ingeanza na Becky ingekuwa hadithi ya onyo, mfano wa zile zilizoandikwa kwa wingi baadaye: msichana kapotoka, kafa, mjihadhari. Lakini msomaji anapofika kwa Becky ameshakaa na nyanya ya mama yake, ameshamlilia Obura, ameshawazika watoto wa Nyabera. Anaona kwamba ukoo huu ulikuwa unapambana na mauti tangu zamani: vita, ulevi, maradhi ya utotoni, kila enzi na adui wake. Ukimwi haukuja kama laana mpya kwa watu waliolaaniwa. Ulikuja kama ndwele nyingine katika faili nene, na faili hilo lilikuwa pia na orodha ya waliosimama wakaendelea. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumhukumu mgonjwa na kuchukua historia yake.

Tuseme ukweli hata hivyo. Becky amechorwa kuwa mbinafsi na mwenye kujipenda kuliko ndugu zake, na msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba ugonjwa ni malipo ya tabia. Hilo ni doa katika riwaya, na walimu wanapaswa kulijadili na wanafunzi badala ya kulifunika. Wakati huo wodi zilijaa kina mama waliokuwa hawajavunja mwiko wowote, waliokaa nyumbani na kuwa waaminifu, na bado wakaambukizwa na waume zao. Ogola alijua hivyo kuliko wengi wetu. Lakini tazama pia anachokifanya baada ya kifo. Watoto wa Becky hawatupwi. Aoro na Wandia wanawachukua na kuwalea. Huko ndiko anakotaka jicho letu liende: kwa walioachwa.

KIAPO NA KALAMU

Yapo mashaka ambayo kila daktari mwandishi sharti akabiliane nayo. Kiapo cha Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kinamfunga daktari asitoe nje yale aliyoyaona na kuyasikia kwa mgonjwa. Bila ahadi hiyo hakuna mgonjwa atakayefungua kinywa. Sasa mtu mwenye kiapo cha siri atawezaje kuvunja kimya kinachoua?

Ogola alijibu kwa njia ya ubunifu. Mhusika wa kubuni hana faili hospitalini. Unaweza kumfungua, ukaonyesha uchungu wake, aibu ya jamaa zake na kosa la waliomnyamazia, bila kumsaliti hata mgonjwa mmoja aliyekuamini. Riwaya ilimpa nafasi ya kusema kweli ambayo kiapo kilimzuia kuitaja kwa majina. Si ajabu basi kwamba riwaya yake ya pili, iliyotoka mwaka wa 2002, ilichukua jina lake kutoka kwa kiapo hicho: I Swear by Apollo, kwa kuwa katika matini yake ya kale daktari huanza kwa kumwapia Apollo, mungu wa Wagiriki. Riwaya hiyo inaendeleza habari za watoto walioachwa na Becky, na ndani yake kuna maswali mazito kuhusu maadili ya utabibu.

Kati ya riwaya hizo mbili aliandika wasifu wa Kadinali Maurice Otunga, kwa ushirikiano na Margaret Roche, uliochapishwa 1999. Hakuwa mtu wa kuketi akingoja wazo zuri limshukie, kwani alikuwa na kazi. Alikuwa mkurugenzi wa matibabu wa Cottolengo, makao ya mayatima wenye virusi vya HIV jijini Nairobi. Alihudumu katika tume ya afya na familia ya Baraza la Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini, na baadaye akawa mratibu wa Kenya wa mpango wa mashirika kadhaa uliowashughulikia watoto wa Afrika walioathiriwa na Ukimwi. Juu ya hayo, alikuwa mke na mama.

Imani yake ya Kikatoliki haikuwa pambo. Alipinga uavyaji mimba hadharani, na hapo hakukubaliana na wengi katika taaluma yake na katika harakati za wanawake. Msomaji ana haki ya kumuunga mkono au kumpinga. Ila itakuwa dhuluma kuuzungumzia msimamo huo bila kuitaja kazi iliyoandamana nayo. Aliyesema kila mtoto ni wa thamani alienda kuwatunza watoto ambao hata jamaa zao waliogopa kuwabeba.

KUGANGA SI KUPONYA

Hapa lugha yetu ina la kutufunza. Kiswahili hakina kitenzi kimoja tu cha kazi hii. Kuna kutibu, kuna kuuguza, kuna kuganga, na kuna kuponya. Tukimwita mtu mganga siku hizi wengi hufikiria hirizi na kibuyu, lakini kuganga ni kitenzi kipana. Kuganga njaa si kuimaliza njaa. Ni kuishikilia isikuangushe leo, ili kesho ikukute ungali hai. Anayeuguza naye hadai kuwa anaponya. Anakaa karibu, anageuza mto, anatia maji mdomoni.

Katika makao ya mayatima wa Ukimwi kabla ya dawa za kupunguza makali kupatikana kwa urahisi, kuponya hakukuwepo. Sheria ya mwaka wa 2001 kuhusu mali ya ubunifu wa viwandani ndiyo iliyofungua mlango wa kuingiza nchini dawa za bei nafuu, na hata hapo dawa za watoto zilichelewa zaidi. Kilichobaki ni kuganga na kuuguza. Anayepima kazi ya daktari kwa idadi ya waliopona angesema Ogola na wenzake walishindwa. Lugha inasema vingine. Inasema kuna kazi halali, yenye jina lake, inayofanywa pale ambapo kupona hakupo.

Riwaya yake ya tatu, Place of Destiny, iliyotoka mwaka wa 2005, inalikabili jambo hilo uso kwa uso. Mhusika mkuu ni mwanamke aliyefanikiwa katika biashara na familia, Amor Lore, ambaye anagundua kwamba saratani inammaliza. Hakuna muujiza. Riwaya inauliza mtu afanye nini na siku alizobakishiwa, na wanaompenda wafanye nini. Miaka 6 baadaye, saratani ndiyo iliyomchukua mwandishi mwenyewe. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Lakini kuna jambo la kumshangaza mtu anaposoma riwaya hiyo leo: daktari aliyekuwa ametumia maisha yake kando ya vitanda vya wanaokufa alikuwa amekwisha kutuandikia namna ya kukaa kando ya kitanda chake. Riwaya ya mwisho, Mandate of the People, inayohusu siasa na uchaguzi, ilichapishwa 2012, yeye akiwa kaburini.

MASWALI KWA KISWAHILI

Ogola hayuko peke yake katika historia. Anton Chekhov, bingwa wa hadithi fupi wa Urusi, alikuwa daktari. Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola, alikuwa daktari na mshairi. Lenrie Peters wa Gambia alipasua wagonjwa na kuandika mashairi. Nawal El Saadawi wa Misri alianzia katika udaktari. Hapa kwetu, Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji wa Nairobi, alituandikia riwaya na pia safu ya gazeti iliyodumu kwa miongo kadhaa. Inaelekea anayezoea kusikiliza wagonjwa hujikuta amejaa hadithi, na hadithi haina dawa ila kusimuliwa.

Lakini waangalie hao tena. Ogola aliandika kwa Kiingereza. Dawood vivyo hivyo. Akoko, ambaye hakujua neno hata moja la Kiingereza, tunamsikia akinena katika lugha hiyo, methali zake za Dholuo zikiwa zimetafsiriwa. Sisemi hivyo kwa kumlaumu marehemu. Shule aliyosoma, chuo alichosomea na soko la vitabu aliloliandikia vyote vilimwelekeza huko. Nasema hivyo kwa sababu historia ya mgonjwa wa Kenya, kwa sehemu kubwa, husimuliwa katika lugha moja na kuandikwa katika nyingine. Mgonjwa anasema moyo unamwenda mbio, mwili umemlegea, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, usiku anatoka jasho. Daktari anaitikia kwa Kiswahili na kuandika Kiingereza. Faili likifungwa, maneno ya mgonjwa mwenyewe yamepotea.

Wala si kwamba Kiswahili hakina akiba. Surua, ndui, tetekuwanga, pepopunda, kifaduro, safura, kichomi, pumu, kifafa, kifua kikuu, homa ya matumbo: hayo ni majina ya watu waliokuwa wakiyatazama maradhi kwa makini muda mrefu. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wanafunzi wa udaktari waliopata alama za juu katika Kiswahili ni wengi. Mbona basi daktari anayeandika riwaya kwa lugha hii ni adimu kama kaburi la kobe? Kuna msiba uliopita nchini karibuni, ule wa korona, ambao nao ulikuwa na lugha yake ya kuficha, mazishi yake ya haraka na jamaa walionyamaza. Waliokuwa wodini usiku huo bado wapo. Wanajua yaliyotokea.

Tukirudi kwenye methali yetu, huenda tatizo si methali bali tunavyoitumia. Aliyesema tugange yajayo alichagua kitenzi cha tabibu, na tabibu hawezi kuganga asichokijua chanzo chake. Ogola aliwauliza Waluo wa Asembo, Yimbo na Sakwa, na kupitia kwao akatuuliza sote: yalianza lini, yalianzia wapi, na nani mwingine nyumbani anaumwa? Vitabu vyake vingali madukani na katika maktaba za shule zetu. Mwalimu atakayevifungua tena, awaambie wanafunzi kwanza kwamba aliyeviandika alikuwa daktari, kisha awape kazi ya kwenda nyumbani kumuuliza nyanya yao swali mojamoja, na kuyaandika majibu kwa maneno yaleyale aliyoyatumia.